USIUZE HOFU: Nilichojifunza Kwenye Usafi wa AC

Leo sijaleta mbinu ya kupata wateja mia kwa siku. Nimeleta maoni yangu, na najua kuna watu watanuna, hasa sisi tunaochukua oda za usafi wa AC mtandaoni. Naomba usome mpaka mwisho kabla hujanirukia.

Mimi nimeishia form four, chuo sijakanyaga. Nina duka dogo hapa Mwanza, upande wa Kirumba, nauza feni, soketi, waya na vipuri vya AC. Mambo ya AC nimejifunza kwa kukaa na mafundi dukani, na kutangaza nimejifunza kwa simu yangu hii hii. Mwaka juzi nikaanza kuchukua oda za kusafisha AC majumbani. Mimi natafuta mteja mtandaoni, fundi anafanya kazi, tunagawana.

Maoni yangu ni haya: tuache kuuza usafi wa AC kwa kumtisha mtu na ugonjwa wa mtoto wake. Sisemi hofu haiuzi. Inauza sana. Nimeiuza mimi mwenyewe, ndo maana naandika.

Anayekaa karibu na ziwa anajua shida yetu ya unyevu. Unaweka viatu vya ngozi chini ya kitanda, mvua zikikolea ukija kuvitoa vimeota ukungu. Nguo ya kabatini inanuka kabla hujaivaa. Mwaka 2020 na tena 2024 ziwa lilipanda mpaka nyumba za ufukweni zikaingiwa na maji. Kwa hiyo mtu wa huku ukimwambia "nyumba yako ina ukungu", hakatai, ameshauona. Ndiyo maana tangazo langu la kwanza lilikamata vibaya.

Nilichukua picha kwenye ukurasa wa watu wa nje. Ilikuwa ya bomba kubwa la bati, nusu jeusi limejaa vumbi na uchafu, nusu linang'aa. Juu yake nikaandika: "Familia yako inavuta HII kila usiku! Mtoto anakohoa? Ana pumu? Safisha AC leo, pumu iishe." Wiki ile nikapata oda 11. Nikajiona nimefika. Nikaiweka stetasi kila asubuhi.

Mmoja wa wateja wale alikuwa mama mmoja, mwalimu mstaafu, anaishi kule kwenye nyumba za kushuka ziwani. Ana AC mbili alizowekewa na mwanae. Anamlea mjukuu wa miaka sita mwenye pumu. Alilipa 70,000 kwa AC zote mbili, fundi akaenda, akaosha, akarudi. Kazi imekwisha, hela imeingia, nimesahau.

Baada ya wiki tatu akanipigia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hujambo? Nataka kukuuliza kitu kimoja tu. Lile bomba jeusi la kwenye picha, mlilisafisha? Maana fundi alipofungua mimi nilikuwa nimesimama pale, sikuliona."

Nikanyamaza. Nyumba yake haina bomba lile. AC zake ni zile za kawaida za ukutani. Hata mimi mwenyewe, niseme ukweli, siku ile sikuwa najua lile bomba ni la nini hasa.

Akaendelea taratibu tu, wala hakupandisha sauti. Mtoto alibanwa kifua usiku wa manane, wakamkimbiza hospitali. Alikuwa amemwachisha ile inhela ya kila siku. "Nilisoma kwenye tangazo lako kuwa pumu itaisha. Nikaona kwa nini nimjaze mtoto madawa wakati chanzo kimeshatolewa."

Jamani. Angenitukana ningejua pa kushika. Mtoto alipona ile hali, Mungu ni mwema. Lakini usiku ule sikulala. Nikafungua lile tangazo langu, nikakuta watu 23 wamelipenda.

Asubuhi nikamfuata fundi wangu nikamwambia mteja analalamika. Akanijibu: "Mimi nimeosha AC. Pumu umeandika wewe." Alikuwa sahihi.

Tukaenda pamoja kwa yule mama. AC zilikuwa safi, kazi ya fundi haikuwa na kasoro. Lakini fundi akazunguka nje, akakuta lile bomba dogo la plastiki linalotoa maji ya AC limeishia chini kabisa ya ukuta wa chumba cha mtoto. Miaka yote maji yanadondokea pale, na ukuta unayanywa. Tukaingia ndani tukavuta kabati la nguo lililokuwa limebanwa kwenye ukuta ule ule. Nyuma yake pamejaa ukungu mweusi, kuanzia sakafuni mpaka usawa wa kiuno changu. Kitanda cha mtoto kiko hatua mbili kutoka pale.

Mimi nilikuwa nimeuza hofu ya bomba ambalo halipo, na ukungu uliopo hakuna aliyeuliza.

Tangu siku ile nikaamua kujua ninachouza. Nitakupa kwa kifupi, kwa sababu hata kama wewe unauza vitenge, mambo haya yatakufaa nyumbani.

Kwanza, yale mabomba makubwa. Mafundi wanayaita dakti. Ni njia za bati zinazopita juu ya dari, zinapeleka hewa kila chumba kutoka mashine moja kubwa. Marekani nyumba nyingi zina mfumo huo, ndiyo maana picha zao zimejaa mabomba. Huku kwetu utayakuta kwenye baadhi ya hoteli, benki, ofisi kubwa na nyumba chache. Nyumba ya kawaida yenye AC ya ukutani haina. Hewa inayozunguka ni ya chumba kile kile.

Na hata huko Marekani, mamlaka yao ya mazingira, EPA, inasema haijathibitika kuwa kusafisha mabomba hayo kunazuia magonjwa. Haishauri kuyasafisha kila mara kwa mazoea. Inasema safisha pale unapoona ukungu kwa macho, au kuna panya na wadudu ndani, au vumbi limejaa mpaka linatoka kwenye matundu ya hewa. Na ukisafisha ukungu bila kuondoa maji yaliyouleta, utarudi. Sasa kama wenye mabomba wanaambiwa hivyo, mimi wa Kirumba nilipata wapi ujasiri wa kuandika "pumu iishe"?

Pili, AC ya ukutani inafanyaje kazi. Inavuta hewa ya chumba, inaipitisha kwenye koili ya baridi. Mvuke uliomo kwenye hewa unageuka matone, kama chupa ya soda baridi inavyotoa jasho mezani. Matone yanaangukia kwenye trei na kutoka nje kwa bomba dogo. Kwa hiyo ndani ya AC kuna giza, kuna maji, na chujio likichoka kuna vumbi. Ukungu unapenda hapo. Ndiyo harufu ile ya soksi mbichi ukiwasha.

Ukiisafisha vizuri, harufu inaisha, ubaridi unarudi, maji hayavuji ukutani, na mashine haihangaiki kula umeme bure. Kuondoa ukungu na vumbi ni jambo zuri kwa kila mtu anayelala mle, na kwa mwenye pumu zaidi. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2009 juu ya unyevu na ukungu majumbani, na linasema wazi kuwa vinaendana na matatizo ya kupumua pamoja na pumu. Kwa hiyo sisemi usafi wa AC ni utapeli. Ni kazi halali na inahitajika, hasa huku ziwani.

Ninachosema ni kwamba kupunguza ukungu ni jambo moja, kutibu pumu ni jambo lingine. Sisi tuna haki ya kuuza la kwanza. La pili lina wenyewe, na wanavaa koti jeupe.

Najua utaniambia, "Dada, maneno mazuri hayalipi kodi ya fremu." Nakubali. Nilipofuta lile tangazo na kuandika ukweli, oda zilishuka kutoka 11 kwa wiki mpaka nne, wiki nyingine mbili. Mwezi ule kodi niliilipa kwa hela ya feni. Sitakudanganya kwamba ukweli ulinitajirisha. Lakini zile oda 11 za hofu, mteja aliyerudi alikuwa mmoja tu. Mtu aliyetishwa hulipa mara moja, akitulia anajiuliza alilipia nini. Sasa hivi nina wateja wanaonipigia wenyewe kila baada ya miezi michache, wala sihitaji kupiga kelele stetasi.

Hivi ndivyo ninavyofanya sasa. Chukua kinachokufaa.

1. Picha ni ya kazi yangu tu. Fundi anapiga picha chujio na feni ya ndani kabla na baada, kwenye AC ya mteja mwenyewe, na naomba ruhusa kabla ya kuposti. Picha ya kuokota ni deni. Siku moja mteja atakuuliza, "Hili liko wapi kwangu?"

2. Nauliza kabla ya kutaja bei. AC ni ya ukutani au ya juu ya dari? Inavuja? Ina harufu ukiwasha? Maji yake yanaishia wapi nje? Kuna ukuta wenye ukungu au rangi inayobanduka? Maswali haya yanachukua dakika tano inboksi, na yangemsaidia yule mama kabla sijala hela yake.

3. Naandika kilichomo kwenye bei. Kuzima umeme, kufungua kava, kuosha chujio, kuosha koili na feni ya ndani, kusafisha trei, kuzibua bomba la maji, kusafisha ile mashine ya nje. Bodi ya umeme inafunikwa isiguswe na maji. Kupuliza manukato kwenye tundu la AC na kuondoka dakika kumi baadaye si usafi. Na mwenye dakti atafute watu wenye mashine kubwa ya kuvuta uchafu na brashi ndefu, mimi na fundi wangu hatuna, nasema hivyo hivyo.

4. Naandika pia kisichokuwemo. "Hatutibu ugonjwa wowote. Mgonjwa aendelee na dawa zake na ushauri wa daktari." Mstari mmoja tu. Mara ya kwanza niliogopa utafukuza watu. Wapo waliokimbia, na wapo walioniambia ndo umewafanya waniamini.

5. Nikiona kazi haihitajiki, nasema. Kuna kaka alitaka servisi kamili, nikamwomba picha ya chujio. Lilikuwa na vumbi tu. Nikamwambia lichomoe, lioshe kwa maji, likauke kivulini, urudishe, na ufanye hivyo angalau kila mwezi. Nilikosa 35,000 siku hiyo. Baadaye alinunua kwangu feni mbili za dari.

6. Nauza na unyevu, si AC tu. Namwambia mteja aachie nafasi kati ya kabati na ukuta, afungue madirisha akipika na akioga, asianike nguo chumbani, na kilicholowa kikauke ndani ya siku moja au mbili. EPA wanashauri unyevu wa ndani usizidi asilimia 60. Kuna vipimo vidogo vya kuweka mezani, nimeanza kuviuza dukani. Unaona? Hata ukweli una bidhaa zake.

Sasa nakuuliza wewe unayeuza mafuta ya ngozi, chai ya kupunguza mwili, vichujio vya maji, godoro la mgongo. Kwenye tangazo lako kuna sentensi ambayo mteja akiiamini kweli kweli, akaifanyia kazi, inaweza kumuumiza? Iangalie leo. Sisi tunaandika ile sentensi kama chumvi ya tangazo. Msomaji mwingine anaichukua kama maelekezo.

Yule mama nilimrudishia 70,000 yake yote. Alikataa mara mbili, mara ya tatu akapokea. Fundi aliongeza bomba la maji mita tatu, sasa yanaishia kwenye mtaro. Ukuta ulikwanguliwa, ukaachwa ukauke, ndipo ukapakwa rangi. Kabati limehamia ukuta mwingine.

Mjukuu wake bado ana pumu. Inhela anatumia kila siku, kama daktari alivyosema. Wiki iliyopita bibi yake alinipigia tena: "Mwanangu, miezi minne imefika, mtume fundi." Nikamtuma.

Biashara njema wapambanaji.