Mwizi wa Maandishi Asisitiriwe

Katika tabia njema tulizorithishwa na wazee wetu wa mwambao, moja iliyotukuzwa kuliko nyingi ni sitara: kumfunika ndugu aliyeteleza, kuitengeneza taksiri yake faraghani, na kumwachia uso wa kukutana na watu kesho yake. Ni tabia ya kheri, na mji usiokuwa nayo haukaliki. Lakini kila fadhila ina mpaka wake, na mpaka wa sitara ni pale ambapo kumsitiri mmoja kunageuka kuwadhulumu wengi wasiojua kwamba wamedhulumiwa. Dai langu ni kwamba jarida la kitaaluma, yaani lile linalochapisha utafiti wa wanazuoni baada ya kuhakikiwa na wenzao, liko nje ya mpaka huo. Na kwamba mhariri anayegundua wizi wa maandishi au data za kubuni katika kurasa zake, kisha akalimaliza jambo hilo kimya kimya kwa kuchelea fedheha, huwa ameongeza hiana ya pili juu ya ile ya kwanza.

Namna mambo haya yanavyomalizwa kimya kimya inajulikana na kila aliyewahi kukaa karibu na meza ya mhariri. Hufika barua ya msomaji aliyeziona aya zake, au za mwalimu wake, ndani ya makala ya mtu mwingine bila ya kutajwa. Mhariri huona haya kumwuliza mtuhumiwa, ambaye huenda ni profesa anayeheshimika, au ni mjumbe wa bodi ya jarida lenyewe. Huandika barua ya upole. Hujibiwa kwamba msaidizi alighafilika. Na baada ya miezi kadhaa makala huondolewa mtandaoni pasipo neno, au huachwa palepale yalipo kwa tamaa kwamba mlalamikaji atachoka. Aliyeibiwa hapati hata mstari mmoja wa kumrudishia haki yake. Mwanafunzi wa Kigoma au wa Mombasa aliyekwisha kuyanukuu makala hayo katika tasnifu yake huendelea kuyanukuu, maana hakuna aliyemwambia. Naye mwizi, maadamu hapana palipoandikwa jambo, huupeleka mswada wake wa pili kwa jarida jingine, akiwa sasa na faida ya uzoefu.

Atakayesema kwamba kumtaja mkosa hadharani ni kusengenya, na kusengenya kumeharimishwa, na awatazame wanazuoni wa hadithi, waliolikabili swali hilihili zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Wao kila habari waliyoletewa waliidai sanadi yake, jina baada ya jina, hadi kufika kwenye asili; na kila mpokezi walimchunguza uaminifu wake na hifadhi yake, wakatunga vitabu vizima ambamo fulani mwana wa fulani ameandikwa kuwa ni thika, mwingine kuwa hifadhi yake ni dhaifu, na mwingine kuwa ni mwongo. Imamu Nawawi, alipohesabu katika Riyadh as-Salihin hali sita ambazo kumtaja mtu kwa aibu yake kunajuzu, aliingiza humo kuwajeruhi wapokezi na mashahidi wenye kasoro, akaeleza kwamba jambo hilo linaruhusiwa kwa ijmai, na kwamba haja ikitaka huwa ni wajibu. Wanavyuoni hao hawakuwa watu wa kupenda kufedhehesha. Walifahamu tu kwamba habari ikishatoka kwa mtu mmoja na kuingia katika elimu ya umma, aibu iliyomo ndani yake haiwi tena mali ya aliyeitenda.

Hasara ya kuchelewa kusema inaonekana wazi katika kadhia moja ya Uingereza. Mwezi wa Februari 1998 jarida la The Lancet la London lilichapisha makala ya daktari Andrew Wakefield na wenzake kuhusu watoto 12, makala yaliyotia shaka katika nyoyo za wazazi kwamba huenda chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela ina uhusiano na usonji. Mwaka 2004 mwandishi wa habari Brian Deer alifichua katika gazeti la Sunday Times kwamba daktari huyo alikuwa amepokea fedha kwa ajili ya kesi iliyokuwa ikitayarishwa na mawakili dhidi ya watengenezaji wa chanjo. Na waandishi wenzake 10 wakajitenga na tafsiri iliyopewa matokeo yao. Makala yenyewe, hata hivyo, yaliachwa yamesimama. Hayakubatilishwa hadi tarehe 2 Februari 2010, siku chache baada ya Baraza Kuu la Madaktari la nchi hiyo kutoa uamuzi wake juu ya mwenendo wa daktari huyo, ambaye baadaye mwaka uleule alifutwa katika daftari la madaktari. Kati ya mwaka 1996 na 2004 idadi ya watoto wa England waliochanjwa ilikuwa imeshuka kutoka takriban 92 hadi 80 katika kila 100, na surua, maradhi ambayo watu walikuwa wameanza kuyasahau, ikarejea majumbani. Mtu anaweza kusema kwamba jarida si mahakama na kwamba lilifanya insafu kwa kusubiri hukumu. Namjibu kwamba halikutakiwa kuhukumu mtu. Lilitakiwa kuwaambia wasomaji wake kuwa makala haya yana shaka kubwa, na shaka hiyo ilikuwa wazi miaka sita kabla.

Jarida hilohilo lilionyesha miaka 10 baadaye kwamba wepesi unawezekana. Tarehe 22 Mei 2020, dunia ikiwa imeshikwa na UVIKO-19, lilichapisha utafiti uliodai kukusanya habari za wagonjwa zaidi ya 96,000 katika hospitali 671 za mabara sita, ukisema kwamba dawa ya haidroksiklorokwini iliandamana na vifo zaidi. Data zote zilitoka kwa kampuni moja ya Marekani iliyoitwa Surgisphere. Siku tatu baadaye Shirika la Afya Duniani lilisimamisha kwa muda majaribio yake ya dawa hiyo. Ndipo watafiti zaidi ya 100 walipoandika barua ya wazi, na miongoni mwa yaliyowatia shaka yalikuwa ni mambo ya bara letu: kwa mujibu wa utafiti ule, takriban robo ya wagonjwa wote wa Afrika na asilimia 40 ya vifo vyote vilikuwa vimetokea katika hospitali zilizoshirikiana na kampuni hiyo, tena hospitali zenye kumbukumbu za kompyuta za kila mgonjwa kwa utondoti. Muuguzi yeyote wa hospitali ya wilaya, anayeandika majina ya wagonjwa katika daftari la mistari, angaliweza kuwatahadharisha wahakiki, lau wangalimwuliza. Kampuni ilipokataa kuzitoa data zake zikaguliwe, waandishi watatu kati ya wanne waliyaondoa makala hayo tarehe 4 Juni, sababu ikatajwa bayana. Zilikuwa zimepita siku 13. Uhakiki ulishindwa, na hilo ni aibu. Lakini aibu hiyo iliposemwa upesi na kwa uwazi, madaktari na serikali walijua la kufanya.

Najua hofu ya wanaopinga uwazi, nayo si hofu ya kupuuzwa. Wanasema kwamba tuhuma ni silaha nyepesi katika mikono ya hasidi, na kwamba jina la msomi likishachafuliwa halitakati hata akithibitika kuwa hana hatia. Dawa ya hofu hii ni utaratibu ulioandikwa kabla ya tuhuma kuzuka, wenye kufuatwa sawasawa kwa mkubwa na kwa mdogo. Wahariri wa majarida ya tiba huko Uingereza walianzisha mwaka 1997 kamati ya maadili ya uchapishaji, ambayo leo inafuatwa na majarida ya fani nyingi na ya nchi nyingi, na mwongozo wake ni wa akili ya kawaida: mlalamikaji alete ithibati, maandishi mawili yalinganishwe bega kwa bega, mtuhumiwa aulizwe na apewe muda wa kujibu, chuo chake kitakiwe kuchunguza pale ambapo jarida halina uwezo, na mwisho uamuzi uchapishwe. Uamuzi wenyewe una daraja zake, kwani aliyesahau alama za kunukuu katika sentensi mbili hawi sawa na aliyebadili jina la mtungaji juu ya kazi nzima. Wa kwanza anatosheka na sahihisho. Wa pili makala yake yabatilishwe, yaachwe yasomeke yakiwa na alama ya ubatili juu yake, na tangazo lieleze kwa maneno yanayoeleweka kilichoibwa, kilikoibwa, na mwenyewe ni nani.

Tena kubatilisha si lazima kuwe fedheha. Mwanasayansi Frances Arnold wa Marekani, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2018, alitangaza mwenyewe mwanzoni mwa mwaka 2020 kwamba anayaondoa makala aliyoyachapisha na wenzake, kwa kuwa kazi ile iliporudiwa matokeo hayakupatikana tena, akaomba radhi kwa kutokuwa makini. Hadhi yake haikupungua. Kinachotia doa ni kuficha, na pale ambapo majarida huzoea kutangaza masahihisho yao, mtu mwenye nia safi hupata mlango wa kutokea kwa heshima.

Sasa turudi nyumbani. Majarida yetu yana nasaba ndefu: jarida la Kiswahili linalotolewa na Taasisi ya Taaluma za Kiswahili (TATAKI) katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam chimbuko lake linarejea kwenye taarifa za Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1930. Nasi ni watu ambao watunzi wao wa tenzi walitia majina yao, pengine na ya baba zao, katika beti za mwisho, ili kazi isipotelewe na mwenyewe. Hatuna basi udhuru wa kudai kwamba kujali jina la mtungaji ni adabu ya kigeni. Lakini zipo hatari mbili ambazo kwetu ni nzito kuliko kwingine. Ya kwanza ni wizi unaopita kwa njia ya tafsiri: programu za kompyuta zinazosaka maandishi yaliyoibwa hulinganisha mifuatano ya maneno, na mtu akichukua makala ya Kiingereza akayafasiri kwa Kiswahili kizuri, mashine humpa cheti cha usafi. Huyo hukamatwa na mhakiki aliyesoma sana, basi, na mhakiki wa namna hiyo aghalabu hufanya kazi bila ya malipo wala shukrani. Ya pili ni dhuluma ya mkubwa kwa mdogo: tasnifu ya mwanafunzi inapogeuka makala ya msimamizi wake, jina la mwanafunzi likiwa limefutwa au limeshushwa chini, nani atalalamika, ilhali mlalamikaji anamhitaji mtuhumiwa huyohuyo kwa barua ya kumwombea kazi?

Mzizi wa yote haya ni vyeo vinavyopatikana kwa kuhesabu makala badala ya kuyasoma. Mahali popote ambapo riziki ya mhadhiri hutegemea idadi, patazuka soko la kumwuzia idadi hiyo, na soko hilo limekwisha kuwa kubwa: mwaka 2023 peke yake makala zaidi ya 10,000 yalibatilishwa duniani, na zaidi ya 8,000 kati ya hayo yalikuwa ya majarida ya Hindawi, kampuni iliyonunuliwa na Wiley ya Marekani mwaka 2021, mengi yakishukiwa kutoka kwa viwanda vya kuuza makala au kupitishwa na uhakiki wa uongo. Wako wanaoiona idadi hiyo kuwa fedheha. Mimi huyashuku zaidi majarida ambayo tangu yaanzishwe hayajabatilisha hata makala moja.

Kwa hiyo mabaraza ya vyuo vikuu vyetu na bodi za majarida yetu zina la kufanya lisilohitaji mfadhili. Kila jarida lichapishe utaratibu wake wa kupokea malalamiko, na limtaje mtu wa nje wa kuyapokea pale mtuhumiwa anapokuwa ni mhariri mwenyewe. Kila tasnifu iwekwe mahali pa umma, na tarehe yake, ili mwanafunzi awe na shahidi. Kamati za vyeo ziyasome makala matatu ya mwombaji badala ya kuhesabu 20. Na kila ubatilishaji utangazwe kwa sababu yake. Elimu ya vyuo hivi hulipiwa na kodi ya mkulima wa korosho na ya mama lishe wa Kariakoo, ambao hawatayasoma majarida hayo maishani mwao, lakini watakunywa dawa, watapanda mbegu na watasomesha watoto kwa kuyaamini yaliyomo ndani yake. Mhariri anapopima kati ya uso wa msomi mmoja na haki ya watu hao, mizani haina budi kulalia upande wao.