Mazda Angani: Hoja Zinazovuja

Marekani inamruhusu mtu kujiundia ndege gerejini na kuifungia injini aitakayo, mradi sehemu kubwa ya kazi aifanye kwa mikono yake. Wengi hununua injini ya ndege ya Lycoming. Wachache huchukua 13B ya lita 1.3 ya gari la Mazda RX-7, ile isiyo na pistoni, yenye rota mbili za pembetatu. Wanaoibeza na wanaoisifia wote wana maneno yasiyosimama.

“Lita 1.3 hainyanyui kitu.” Tupige hesabu. Kila rota ya 13B huchoma mafuta mara moja kwa kila mzunguko wa shafti, wakati silinda ya pistoni husubiri mizunguko miwili. Kwa hiyo inavuta hewa kama injini ya kawaida ya lita 2.6. Kwa mizunguko 6,000 kwa dakika, inameza takriban lita 7,800. Lycoming O-360 ya lita 5.9, ikizunguka 2,700, inameza kama 8,000. Udogo uko wapi hapo?

“Mizunguko 6,000 itaisaga.” Kinachozunguka 6,000 ni shafti, rota huenda 2,000 tu. Mwaka 1991 Mazda ya rota nne ilishinda mbio za saa 24 za Le Mans. Isiyoweza mizunguko 6,000 ni propela, ndiyo maana lazima pawe na giaboksi ya kuipunguza.

Hapo ndipo wasifiaji wanapoteleza. “Ni nyepesi,” wanasema, wakiangalia injini tupu juu ya meza. Haya, ongeza giaboksi, rejeta, maji, mipira, na fremu ya kuifungia ambayo utaichomelea mwenyewe, maana Mazda haikutoboa tundu hata moja kwa ajili ya ndege. Ukirudi kwenye mizani, uko jirani kabisa na Lycoming.

“Kupoza? Weka rejeta kubwa.” Hili ndilo linalonikera zaidi. Rota hupozwa na oili kutoka ndani, na karibu theluthi moja ya joto la kupozwa hutoka na oili hiyo. Kwa hiyo unahitaji vipoozeo viwili. Kuna mafundi waliotumia evaporeta za viyoyozi vya magari ya GM kama rejeta, na zikafanya kazi. Shida ni njia ya hewa. Hewa inayoingia kwa kasi lazima ipunguzwe mwendo kwenye mfereji unaopanuka, ili presha ipande ndiyo isukumwe kupita kwenye mapezi. Acha mwanya wa upana wa kidole pembeni ya rejeta, hewa itapita hapo, rejeta ibaki inatokota. Na ndege inapopanda, nguvu ni zote huku mwendo ni mdogo. Sindano ya joto huanza kupanda hapo hapo.

“Haina valvu, haizimi.” Nusu ya kweli. Sili ya ncha ya rota ikivunjika, kwa kawaida injini huendelea kwa nguvu pungufu. Lakini magneto za Lycoming hujizalishia cheche zenyewe. 13B inayoendeshwa na kompyuta inategemea umeme kwa cheche na pampu za mafuta. Waya mmoja uliolegea unatosha kuinyamazisha. Ningekuwa mimi, ningeanza na betri mbili na pampu mbili kabla ya rangi.

“Ni rahisi.” Injini kuukuu, ndiyo. Muda wako je? Ndege yenye injini na propela zilizoidhinishwa pamoja kwa kawaida hujaribiwa saa 25. Hii ya 13B hupewa 40, bila abiria.