Wimbo Usio na Jina la Mwimbaji

Mwaka 1909 jarida la Anthropos, huko Ulaya, lilichapa makala moja juu ya nyimbo za Wanyamwezi. Mwandishi wake, Erich von Hornbostel, hakupata kufika Tabora, wala Kilosa, wala Dar es Salaam. Alikaa Berlin, akaletewa sauti za watu wetu zimetiwa katika silinda za nta, akazisikiliza tena na tena, akaziandika kwa noti. Mimi naona habari za bwana huyu zatuhusu sana sisi wa Mabwerebwere, nami nitaeleza kwa nini.

Alizaliwa Vienna mwaka 1877. Mama yake alikuwa mwimbaji, na mtoto alifundishwa piano na utunzi wa muziki tangu udogoni. Lakini alipokwenda Chuo Kikuu alisoma kemia, akapata udaktari wake mwaka 1900. (Wanafunzi wa sayansi wanaokimbia kwaya kwa kisingizio cha masomo na wasikie hayo.) Baadaye alihamia Berlin kwa Profesa Carl Stumpf, ambaye mwaka ule ule wa 1900 alikuwa ameanza kukusanya sauti za muziki wa mataifa. Tangu 1905 mpaka 1933 hazina hiyo ilikuwa mikononi mwa Hornbostel, naye mwenyewe akawa profesa.

Sasa, mtu aliye Berlin atapataje wimbo wa Unyamwezi? Kwa barua. Fonografu ya siku zile haikutaka umeme. Ilitiwa ufunguo kama saa ya ukutani, na mpagazi mmoja aliweza kuichukua. Basi wasafiri, wamisionari na maofisa waliokuwa wakienda nchi za mbali walipewa mashine na silinda, pamoja na maagizo. Kabla ya wimbo kuanza, mkusanyaji apulize filimbi ya sauti moja inayojulikana, ili atakayesikiliza Berlin ajue mashine izunguke kwa mwendo gani. Ikienda mbio, sauti ya mzee hugeuka ya mtoto. Kisha aandike mahali, tarehe, habari za mwimbaji, na wimbo wasema nini. Silinda moja ilichukua dakika chache tu. Ngoma ya usiku kucha ilikatwa kipande, kama mtu akatavyo kitambaa dukani kuonyesha rangi.

Mwaka 1906 Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alipita Lindi, Masasi na Newala na mashine ya namna hiyo. Tukumbuke mwaka ule ulikuwa mwaka gani: Vita vya Maji Maji, vilivyoanza 1905, vilikuwa havijakwisha. Mzungu anayelindwa na askari akikuambia imba mbele ya pembe hii ya bati, utamjibu nini? Huenda wengine waliimba kwa furaha, maana ajabu ya kusikia sauti yako ikirudi si ndogo. Lakini ruhusa inayotolewa mbele ya bunduki mimi siihesabu kuwa ruhusa.

Hapa ndipo penye shina la maoni yangu. Barua za mkusanyaji zilipoandikwa vema, wimbo wa zaidi ya miaka mia moja waweza kurudi nyumbani: twajua kijiji, twajua kazi iliyokuwa ikifanywa, pengine twajua na mwimbaji. Zilipoandikwa kwa haraka, silinda ni sauti ya mtu aliyepotea njia. Na hata leo makusanyo yale yaitwa kwa majina ya wakusanyaji. Aliyeshika mashine ana jina. Mara nyingi aliyeimba ana kabila tu. Simlaumu Hornbostel peke yake, kwa kuwa aliomba habari na wengine hawakumpa. Lakini alikosa pia kwa umbali. Katika makala yake ya 1928 juu ya muziki wa Waafrika alieleza jinsi mpigaji ngoma anavyousikia mwendo wa mkono wake mwenyewe, na wataalamu waliokuja kuishi na wapigaji baadaye hawakukubaliana naye katika mambo mengi. Hata hivyo makala ile ilikuwa na neno la haki kwa shule na makanisa: kwamba muziki wetu una misingi yake, wala si muziki wa Ulaya uliokosewa. Ni neno ambalo baadhi ya walimu wa kwaya hawajalisikia mpaka leo.

Mwisho wake ulikuwa wa huzuni. Mwaka 1933 Wanazi walimwondoa kazini kwa sababu mama yake alikuwa wa asili ya Kiyahudi. Akaenda New York, kisha Uingereza, akafa Cambridge mwaka 1935. Silinda nazo zilitangatanga: baada ya vita nyingi zilichukuliwa mpaka Leningrad, zikarudishwa Berlin ya Mashariki, na mwaka 1991 ndipo zilipokusanywa tena mahali pamoja. Mwaka 1999 UNESCO iliziandikisha katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia. Mwanafunzi wake, Klaus Wachsmann, alifika Uganda mwaka 1937, akawa msimamizi wa makumbusho ya Kampala, akarekodi nyimbo nyingi yeye mwenyewe, tena akiwa karibu na waimbaji. Nakala za kazi yake zimerudi Makerere. Kumbe yawezekana.

Nasi je? Nimewaona vijana wetu katika harusi na ngoma za mavuno wakiinua simu. Kila mmoja ana mfukoni chombo ambacho Hornbostel angekitamani, kisichokata wimbo kwa dakika tatu. Lakini muulize kijana huyo baada ya mwezi: bibi huyu ni nani? Ameimba Kikaguru, Kisagara au Kividunda? Hajui. Baadaye simu huvunjika au hujaa, wimbo ukafutwa ili kupisha picha za mpira. Na bibi mwenyewe hatungojei.

Nashauri shule iwe na daftari kubwa la nyimbo. Mwanafunzi akienda likizo arekodi wimbo mmoja, kwa idhini ya mwimbaji, kisha aandike ukurasa mmoja kama barua: jina kamili la mwimbaji kama mwenyewe apendavyo liandikwe, kijiji, tarehe, lugha, alijifunza kwa nani, na maneno yote ya wimbo. Wapo wazazi watakaosema nyimbo za unyago si za kuandikwa. Wana haki, na hizo ziachwe. Wengine watasema kazi hii ni ya Chuo Kikuu. Lakini Chuo Kikuu hakimjui bibi yako wala hakijui njia ya kwenda kwake.

Daftari la kurasa mia nne halizidi uwezo wetu. Nimekwisha kuzungumza na mwalimu wa maktaba, naye amekubali kulifungia kabatini. Mwenye wimbo wa likizo iliyopita, ikiwa bado anakumbuka jina la mwimbaji, na alete.