Mguu Wenye Ganzi Usiachiwe Kuchagua Kiatu

Tahadhari hii ni ya kila nyumba yenye mtu mwenye sukari na kadi ya harusi juu ya kabati. Desemba haijafika, lakini vitenge vya sare vimeshagawiwa, michango inakusanywa, na kinachofuata ni viatu. Mama wa bibi harusi, mwenye sukari ya miaka mingi na miguu iliyokufa ganzi, anaweza kuingia ukumbini Jumamosi jioni akiwa mzima, akatoka saa saba usiku akiwa na kidonda asichokijua. Kidonda hicho kikipuuzwa wiki mbili tu, madaktari wanaweza kufika mahali pa kujadili mguu ukatwe wapi. Kinga yake iko katika siku hizi tulizo nazo, kabla kiatu hakijanunuliwa.

Sukari ikikaa juu kwa miaka, huharibu mishipa ya fahamu, na ile mirefu kuliko yote, inayofika vidole vya miguu, ndiyo hutangulia. Wapo wanaoanza kwa kuwaka moto nyayo na kuchomwachomwa usiku. Wapo ambao hawapati dalili hata moja, hadi siku wanapokuta damu kwenye soksi. Mtu mwenye fahamu zake akibanwa na kiatu hubadilisha mkao, hukivua chini ya meza, huchechemea, hutafuta kandambili. Maumivu ndiyo yanayomvua kiatu. Aliyekufa ganzi anaendelea kucheza. Kiatu kinaibana ngozi ya ubavuni mwa kidole kidogo, damu inakosa njia pale, na baada ya saa kadhaa ngozi inaanza kufa ikiwa ndani ya soksi safi. Kisigino kirefu nacho husukuma uzito wa mwili kwenye sehemu ya mbele ya wayo, na kama hapo pana sugu, sugu hiyo huikandamiza nyama iliyo chini yake kama kokoto iliyoshonewa ndani. Nje utaiona ngozi ngumu tu. Ndani kumeshachubuka na damu imevilia.

Daktari mpasuaji Paul Brand, aliyefanya kazi Vellore nchini India na baadaye Carville katika jimbo la Louisiana, Marekani, alionyesha kwa miaka mingi kwamba wagonjwa wa ukoma hawapotezi vidole kwa kuwa ugonjwa umevila. Wanavipoteza kwa majeraha wasiyoyasikia: moto wa jiko, msumari, kiatu. Maarifa hayo ndiyo yanayotumika leo kulinda miguu ya wenye kisukari. Kwetu Dar es Salaam, mwaka 2005, Dk. Zulfiqarali Abbas na wenzake walichapisha taarifa ya wagonjwa wa kisukari waliong'atwa miguu na panya wakiwa usingizini. Ganzi hufikia hapo. Mguu ambao haukumwamsha mwenyewe kwa meno ya panya hautamwambia kitu kuhusu kiatu cha harusi.

Jambo ninaloliogopa kuliko yote, na ambalo ndugu wengi hawalijui, hutokea dukani. Aliyekufa ganzi akivaa kiatu cha kipimo chake sawasawa, anahisi kama hajavaa kitu, kinampwaya. Akipewa kidogo zaidi, kinachombana kweli, ndipo anapokihisi, na hapo anasema, "Hiki ndicho, kimenikaa vizuri." Muuzaji anaitikia, mwanawe anafurahi kwamba hatimaye mama amepata kiatu cha raha, na pesa inatoka. Kwa hiyo swali tulilozoea kuulizana dukani, "Kinabana?", kwa mtu huyu halina maana tena. Akisema hakibani, hujajua lolote. Kiatu chake kichaguliwe kwa kipimo na kwa macho ya mtu mwingine.

Kwanza ijulikane kama ganzi ipo. Kuna kipimo kisichohitaji kifaa chochote, kilichobuniwa na madaktari wa Ipswich, Uingereza, na unaweza kukifanya nyumbani leo usiku. Mzazi alale au anyooshe miguu, avue soksi, afumbe macho. Mwambie: "Mama, nikikugusa sema kulia au kushoto." Gusa kwa ncha ya kidole chako cha shahada, kwa wepesi wa unyoya, kwa sekunde moja au mbili: kidole gumba, kile cha katikati na kidole kidogo, kwa kila mguu. Jumla ni vidole sita. Usibonyeze, usigonge, usirudie kidole ambacho hakujibu. Vidole viwili au zaidi vikipita kimya, chukulia kwamba miguu yake iko hatarini na umpeleke kliniki ya kisukari ikathibitishwe. Kwa baba mkwe au mama mkwe, ambaye mkwe kumshika miguu ni aibu, wapo wajukuu. Mtoto wa miaka kumi na miwili anaweza kazi hii vizuri.

Wasirukwe wale wanaosema hawana sukari. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria mwaka 2021 kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima wanaoishi na ugonjwa huu barani Afrika hawajui kuwa wanao. Tarehe 14 Novemba ni Siku ya Kisukari Duniani, na sehemu nyingi hupima watu bure. Kwa kalenda ya harusi, hiyo ni fursa ya mwisho nzuri kabla ya msimu. Ganzi pia huwapata waliowahi kuugua ukoma na baadhi ya waliotumia dawa za zamani za VVU kama stavudini. Mwenye nundu ya kidole gumba au nyayo bapa, ambaye miguu yake bado inasikia, atateseka ukumbini na anahitaji kiatu kipana, lakini maumivu yatamwokoa. Ninayemhofia ni yule asiyelalamika.

Sasa kiatu. Nenda dukani alasiri, kwa kuwa miguu huvimba kidogo siku inavyosonga na sherehe zetu ni za usiku. Kabla ya kutoka nyumbani, asimame wima juu ya karatasi, uzito wote miguuni, na wewe uchore kwa penseli ukizunguka kila mguu. Miguu miwili ya mtu mmoja mara nyingi hailingani, kwa hiyo kata michoro yote miwili. Dukani weka kiatu juu ya mchoro wake. Hapo ndipo watu hushtuka: kile kiatu cha dhahabu chenye ncha, kinachopendeza kabatini, hakifuniki mchoro. Vidole viwili vya mwisho vimebaki nje kabisa, na ndivyo vitakavyokunjwa kuingizwa ndani. Achana nacho hapo hapo, hata kama namba iliyoandikwa chini ya soli ni yake.

Ndani, kiatu kizidi urefu wa mguu kwa sentimita 1 hadi 2, si chini ya hapo wala zaidi. Upana ulingane na mguu pale penye vifundo vya vidole, na kimo cha mbele kiruhusu vidole vyote kulala bila kuguswa juu. Kisha ingiza mkono wako ndani hadi mwisho na upapase polepole: mshono uliosimama, gundi iliyokauka ikawa ngumu, msumari wa kisigino unaochungulia, kikaratasi cha bei kilichokunjamana. Kwenye viatu vya mitumba pekua mara mbili, maana soli ya ndani imeshakunjika kwa mguu wa mtu mwingine. Ngozi halisi fundi anaweza kuipanua sehemu inayobana; ngozi bandia haipanuki, na yule anayesema "itaachia tu ukivaa" anamaanisha kwamba mguu ndio utakaofanya kazi ya kuipanua.

Kwa wanaume, kiatu cha kamba ni salama kuliko moka. Moka haina cha kuishikilia, ndiyo maana lazima ibane ili isivuke, wakati kamba hulegezwa mguu ukivimba. Kwa wanawake, kiatu cha chini kilichofunikwa mbele, chenye mkanda juu ya mguu na kisigino kipana kisichozidi kimo cha vidole viwili vilivyolazwa. Mchuchumio kwa mguu wenye ganzi, hapana. Sina njia ya katikati ya kupendekeza hapo. Makubadhi na kanzu ni vazi la heshima pwani nzima na ninalipenda, lakini mkanda unaopita katikati ya vidole hukata ngozi, na vidole vilivyo wazi hujikwaa gizani bila mwenyewe kujua. Baba mwenye ganzi akivaa kanzu, avae kiatu kilichofunika. Raba nyeusi isiyo na maandishi, iliyopigwa brashi vizuri, chini ya suruali ndefu haitazamwi na mtu. Aliyewahi kupata kidonda hata mara moja asinunue dukani kabisa. Aulize kliniki yake kuhusu kiatu cha kutengenezewa.

Neno moja kwa wanakamati. Mnapotangaza sare kwenye kundi la simu mkasema "wamama wote viatu vya dhahabu virefu", mnawaagiza wanawake wa miaka sitini, ambao wengi wao hawatasema mbele ya mawifi zao kwamba wana ganzi. Tangazeni rangi peke yake. Ongezeni kwamba viatu vya chini vinaruhusiwa, na mtangaze mapema, kabla fedha hazijatoka. Mshereheshaji naye asimwinue mama kucheza wimbo wa tano mfululizo kwa sababu ni siku ya mwanawe.

Kiatu kipya kisivaliwe kwa mara ya kwanza siku ya harusi. Kivaliwe nyumbani saa moja, kivuliwe, mguu ukaguliwe juu, chini, kisiginoni na katikati ya vidole. Kesho yake saa mbili. Vitabu vingi vinasema tafuta wekundu. Kwenye ngozi yetu wekundu hujificha. Tafuta sehemu iliyoiva ikawa nyeusi kuliko jirani yake, iliyovimba, au yenye joto. Joto lipime kwa mgongo wa mkono wako, ukilinganisha mguu huu na ule. Alama ikibaki nusu saa baada ya kuvua, kiatu hicho kirudishwe.

Siku yenyewe, jozi ya pili iwemo ndani ya gari au mkobani mwa binti. Kile cha kupendeza kivaliwe wakati wa kuingia na kupiga picha, kisha mama akae, abadilishiwe, na mtu amtazame mguu kwa mwanga wa simu. Soksi ziwe za rangi nyepesi, zisizobana juu, ili damu ionekane mapema. Wanaosafiri kwa basi siku nzima kwenda kijijini wasifike na kiatu cha sherehe mguuni. Kwa nikaha ya mchana, mahali pa kuvulia viatu penye saruji au vigae vilivyopigwa na jua huunguza nyayo pasipo maumivu yoyote; abaki na soksi nene hadi kwenye zulia, na akitoka, kiatu kipapaswe ndani tena kabla hajakivaa.

Wengi huharibikiwa baada ya kurudi nyumbani. Mtu amechoka, miguu imevimba, na kwa mapenzi kabisa mtoto anamletea beseni la maji ya moto yenye chumvi. Usimloweke. Mguu usiosikia hauyajui maji yanayounguza, na kila mwaka kuna ngozi inayovuka kwenye beseni kama hilo. Usikate sugu kwa wembe. Usitumbue lengelenge, usimwagie unga wa kidonge wala dawa ya meno. Safisha kwa maji safi ya kawaida, kausha hadi katikati ya vidole, funika kwa kitambaa safi kikavu, na mguu huo usivalishwe kiatu kile tena wala asiukanyagie sana.

Kukiwa na lengelenge, mchubuko au ngozi iliyobadilika rangi, aende hospitali kesho yake, hata kama ni Jumapili na wageni bado wapo. Kukiwa na harufu, usaha, homa, weusi unaopanda, au sukari iliyoruka ghafla, aende usiku huo huo. Mguu uliovimba na kupata joto bila kidonda chochote nao ni wa haraka, kwani mifupa ya ndani inaweza kuwa inavunjika bila yeye kusikia, asiukanyage. Mapokezi msianze na habari za harusi. Semeni kwanza: "Ana sukari, miguu yake ina ganzi, na amepata kidonda." Na kama anaandikiwa dawa kabla hajavuliwa soksi, mwombeni daktari kwa adabu auangalie mguu, na ule wa pili pia.