Bomba la Breki na Chumvi ya Mingoyo

Mingoyo ni njia panda. Hapo Mnazi Mmoja barabara itokayo Lindi hugawanyika, moja ikielekea Mtwara, nyingine ikipita Mtama, Nyangao na Ndanda hadi Masasi. Tangu reli ya Kusini, iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Nachingwea, ilipofungwa mwaka 1962, mzigo wa nchi kavu katika sehemu hizo umetegemea magari. Miongoni mwa magari hayo Land Rover ilijipatia heshima ya pekee, na tamasha lililofanyika Arusha Oktoba 2024 lilidhihirisha kwamba mapenzi hayo hayajapoa. Wako wanaozifufua Land Rover kuukuu kwa gharama kubwa: rangi, viti, injini. Mabomba ya breki aghalabu hufikiriwa mwisho, na hapo ndipo penye hatari.

Bodi ya gari hilo ni ya alumini, kwa hiyo haishiki kutu nyekundu, nayo humdanganya mwenye gari. Chini yake chesisi ni ya feleji, na mabomba ya breki yaliyotoka kiwandani pia ni ya feleji iliyopakwa zinki au metali nyingine ya kinga. Penye hori, mikoko na upepo wa kusi, hewa hubeba chembe za chumvi. Chumvi hiyo hunyonya unyevu, na utando wa maji yenye chumvi hubaki juu ya metali hata siku isiyo na mvua. Kutu huanzia chini ya vibano, mahali tope linapojificha na jicho lisipofika. Ukuta wa bomba haufiki hata unene wa milimita moja. Ikumbukwe kwamba Land Rover nyingi za zamani zina mkondo mmoja tu wa breki: tundu moja dogo kama la sindano huondoa nguvu ya breki katika magurudumu yote manne. Atelemkaye uwanda wa Makonde kutoka Newala hahitaji maelezo zaidi.

Dawa inayopendwa gerejini ni mrija wa shaba wa friji. Unapatikana, unapinda kwa mkono, na hauoti kutu nyekundu. Lakini shaba tupu ni laini kuliko feleji, na kila inapotikiswa hukakamaa, ikaingia uchovu wa metali, hatimaye ikapasuka bila onyo. Barabara ya vumbi yenye makorongo ni mtikisiko usiokoma. Mrija uliokusudiwa kupitisha gesi ya friji mahali palipotulia usipewe dhamana ya roho za abiria. Feleji isiyoshika kutu nayo ina sifa kubwa, ila ni ngumu kuchanuliwa mdomo kwa vifaa vya kawaida, nayo chumvi huweza kuitoboa vitundu vidogo vidogo.

Metali inayofaa zaidi pwani ni aloi ya shaba na nikeli, yenye takriban asilimia 90 ya shaba na 10 ya nikeli, pamoja na chuma na manganizi kidogo. Mabaharia wanaijua: hutumika katika mabomba ya maji ya bahari melini. Volvo ya Sweden, nchi ambayo barabara zake humwagiwa chumvi wakati wa baridi ili kuyeyusha barafu, iliichagua kwa mabomba ya breki katika miaka ya 1970. Hustahimili uchovu kuliko shaba tupu, na bado huchanuliwa kwa urahisi.

Wapo washikilia asili watakaosema kwamba gari la mwaka 1960 lisiwekwe kitu ambacho kiwanda hakikukiweka. Hoja hiyo ina uzito katika taa na usukani. Katika bomba lililofichwa chini ya chesisi haina maana, maana hakuna aliyewahi kulala matopeni ili kulistaajabia.

Hata hivyo aloi bora haiokoi kazi mbovu. Mdomo wa bomba hapana budi uchanuliwe maradufu, si mara moja, kwani mchanuo mmoja hupasuka. Viungo vya kubana vya mafundi wa friji visitumike kabisa. Nati za inchi zisilazimishwe kuingia kwenye uzi wa milimita. Bomba lishikwe kila sentimita 30 hivi kwa vibano vyenye mpira, kwani aloi hiyo ikigusana na alumini penye unyevu wa chumvi, itakayoliwa ni alumini. Mnunuzi naye achukue sumaku dukani: yako mabomba ya feleji yaliyopakwa shaba, na sumaku huyafichua mara moja. Aloi ya kweli hainaswi, na ikikwaruzwa kwa tupa huonekana yenye wekundu uliopauka kuliko shaba.

Shirika la Viwango Tanzania lipo tangu 1975, na vyuo vya VETA vinafundisha ufundi wa magari. Ni haki kudai kwamba bomba la breki liuzwalo kwa mita lipigwe chapa ya metali yake, na kwamba mwanafunzi wa Lindi asihitimu kabla ya kuchanua mdomo wa bomba kwa mkono wake mwenyewe, kuujaribu kwa shinikizo, kisha kulikata kwa msumeno mbele ya mwalimu ili ufa, kama upo, uonekane.