Sehemu ya 5: Hiyo chupa haiamshi kongosho

Leo nagombana.

Zile sauti zinazozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, ati kuna dawa ya chupa inaamsha kongosho ya mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza, basi aachishwe sindano. Jamani! Hebu kwanza tujue hiyo insulini inatengenezwa vipi, ndipo tumuulize muuzaji.

Ndani ya kongosho mna mafungu madogo ya seli. Yanaitwa visiwa vya Langerhans, kwa jina la Mjerumani aliyeyaona mwaka 1869 (visiwa kweli, sisi wa Unguja tumo kila pahala). Humo zimo seli za beta. Seli inaanza kwa kuunda uzi mrefu wa protini. Kipande cha mwanzo, ambacho kazi yake ni kuuingiza uzi karakanani, kinakatwa. Uzi unakunjwa na kufungwa mafundo matatu. Halafu unasafirishwa hadi pa kufungashia, unatiwa kwenye vifuko vidogo, na humo kifukoni kipande cha kati nacho kinakatwa. Kinachobaki ndiyo insulini. Inajipanga sita sita pamoja na madini ya zinki, inasubiri. Mtoto akinywa chai na boflo, sukari ikapanda, vifuko vinasogea ukingoni mwa seli na kuimwaga kwenye damu.

Kwa mtoto huyu, kinga ya mwili wake mwenyewe imezishambulia seli hizo. Karakana imevunjwa. Sasa majani gani ya kuchemsha yatajenga yote hayo upya?

Hata insulini yenyewe ukimnywesha, tumbo litaisaga kama linavyosaga pweza, maana ni protini. Ndiyo maana inachomwa sindano, tangu Leonard Thompson, kijana wa miaka 14, alipochomwa kule Toronto Januari 1922. Kabla ya hapo watoto wa namna hii walikuwa wanakufa tu.

“Lakini nesi, mtoto wa jirani kanywa na sukari ikashuka!” Nakuamini. Mtoto akishaanza sindano, seli chache zilizosalia hupumzika, zikafanya kazi kidogo. Dozi hupungua kwa wiki au miezi. Madaktari wanakiita kipindi hicho fungate, na fungate ina mwisho, sote tunajua. Muuza chupa anaingia katikati ya fungate, anachukua sifa na pesa. Ikiisha, hapokei simu.

Kile kipande cha kati kilichokatwa humwagwa kwenye damu pamoja na insulini, na maabara huweza kukipima. Anayedai kongosho imeamka alete karatasi ya kipimo hicho, si sauti ya WhatsApp.

Dua soma, sikukatazi. Sindano isiachwe hata siku moja. Mtoto aliyeachishwa, mwili wake unachoma mafuta na damu inajaa asidi. Anatapika, tumbo linamuuma, anapumua haraka na kwa kina, pumzi inanuka kama matunda yaliyoiva sana. Bibi atasema shetani. Wewe mbebe umpeleke Mnazi Mmoja au hospitali yoyote iliyo karibu, usiku huo huo, na waambie tangu lini hajachomwa. Usione haya kusema, hatukuhukumu, tunataka kujua tu.

Kesho sehemu ya 6: kuitunza insulini umeme ukikatika.