UMEME UMEINGIA BARABARANI: MIPANGO ITANGULIE

Nguvu ya umeme imeingia barabarani. Pikipiki na bajaji zisizotia petroli zimekwisha kuonekana Dar es Salaam, na tangu mwaka 2024 garimoshi la umeme lawachukua wasafiri mpaka Morogoro na Dodoma. Twalifurahia jambo hili. Petroli twainunua ng'ambo kwa fedha za kigeni, lakini umeme twaufua wenyewe. Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji limejengwa lipate kutoa megawati 2,115.

Lakini furaha isitufumbe macho. Chombo kipya kikitangulia na mpango ukifuata nyuma, anayeumia ni mnyonge. Ushahidi tunao. Magari yalipogeuzwa kwa wingi yatumie gesi yetu ya asili, vituo vya kujazia vilikuwa vichache mno. Miaka ya 2023 na 2024 madereva wa teksi na bajaji walipoteza saa nyingi za kazi katika foleni. Tena, mabasi ya mwendokasi yalipoanza mwaka 2016, karakana yao ilikuwa imewekwa bondeni Jangwani, katika njia ya mto Msimbazi. Mvua kubwa ziliponyesha maji yaliingia, mabasi yakaharibika, na mfanyakazi wa Kimara akabaki kituoni akingoja. Mto haukuwa na kosa. Ulipita njia yake ya siku zote.

Sasa twauliza mapema. Pikipiki ya umeme yataka mahali pa kubadilishia betri, kazi ya dakika chache tu. Basi kubwa lataka uwanja, transfoma na muda wa kuchaji. Mambo hayo hayaoti kama uyoga. Sharti yaingie katika ramani ya mji kabla viwanja havijagawiwa. Je, vituo vitajengwa Masaki peke yake, au na Mbagala, Tandale na Gongo la Mboto pia? Na kijana apelekaye hesabu kwa tajiri kila jioni, atapata chombo chake mwenyewe, au atabadilishiwa bwana tu?

Wenzetu wa Rwanda wamekwisha kuamua. Tangu Januari 2025, pikipiki mpya za kuchukulia abiria mjini Kigali sharti ziwe za umeme. Mtu aweza kuipenda amri hiyo au kuichukia, lakini kila mmoja ajua ajiandaeje.

Kwa hiyo twazitaka Serikali na halmashauri za miji zitende mambo matatu. Kwanza, zitenge viwanja vya kuchajia katika kila stendi kubwa, zikianzia mitaa ya watu wengi. Pili, ziweke kipimo kimoja cha betri, ili dereva asifungwe kwa muuzaji mmoja. Tatu, madereva, makondakta na abiria waitwe mezani wakati mpango unapoandikwa, wala si siku ya kukata utepe.

Nao waendesha bodaboda wana wajibu wao. Wajiunge katika vyama vya ushirika, waweke akiba, wanunue vyombo kwa pamoja. Wakikaa mmoja mmoja watapangiwa, wakiungana watapanga. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa huu twauona mchana kweupe.